Mgonjwa Asiyesumbua

Wanawake walimwita Sista Nyamaza, na mwenyewe alilijua jina hilo. Halikumuudhi. Alikuwa mkunga wa mwaka wa kumi na tisa katika wodi ya wazazi, na neno hilo lilikuwa halikauki mdomoni mwake. Nyamaza, mama. Nyamaza, uchungu si wako peke yako. Nyamaza, unadhani mtoto anatokea kooni?

Siku za kliniki alikuwa akiwakusanya wajawazito kwenye mabenchi ya ukumbini na kuwapa somo. Alijua kuchekesha. Aliiga mwanamke anayemwita mama yake aliye safari ya siku mbili, akaiga mwingine anayemtukana mumewe kwa majina ya wanyama wote wa porini, hadi wajawazito wakashika matumbo kwa kicheko. Wakishalainika, ndipo anapowapigilia msumari.

"Kila ukipiga kelele, unamnyima mtoto hewa. Mkisikia mtoto amekuja amechoka, au hakuja kabisa, ulizeni mama yake alikuwa anafanya nini. Alikuwa anaimba."

Kicheko kilikatika. Wakarudi nyumbani na maneno hayo, wakawapelekea wadogo zao, mawifi zao na majirani.

Wala hakuwa anasema uongo kwa makusudi. Aliamini. Yeye mwenyewe alijifungua watoto wawili bila kusema hata "ah", na aliyekuwa mwalimu wake wa ukunga alisimama pembeni ya kitanda amekunja mikono, kisha akamwambia, "Sasa umekuwa mkunga." Tangu siku hiyo aliwapima wanawake wote kwa kipimo kile kile. Kulikuwa na wagonjwa wazuri na kulikuwa na wasumbufu.

Alhamisi moja aliingia zamu peke yake. Mwenzake alipiga simu alfajiri kwamba mtoto wake ana homa kali. Wodi ilikuwa na vitanda vinane na wanawake kumi na mmoja. Watatu walilala kwenye magodoro sakafuni, na kupita katikati yao ilibidi uinue miguu kama anayevuka matope. Mtu mwingine mwenye kazi mle ndani alikuwa mfagizi mmoja wa makamo, ambaye wote walimwita Mama Dekio, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona bila dekio lake.

Saa mbili asubuhi akaja mwanamke mmoja anatembea mwenyewe, mkono kiunoni. Alikuwa mshona nguo, bado ana uzi mwekundu umenasa begani. Nyuma yake alikuja mama mkwe wake, amebeba beseni, chupa ya chai na furushi la nguo za mtoto.

"Shikamoo, Sista," alisema yule mshonaji bila kuinua macho.

"Marahaba. Uchungu umeanza saa ngapi?"

Kabla hajajibu, mama mkwe akadakia. "Sista, humkumbuki? Ndiye yule wa mwaka juzi, aliyetaka kuangusha paa kwa makelele. Yule aliyetuaibisha. Safari hii tumemsema vya kutosha. Hatakusumbua."

Hapo Sista Nyamaza akakumbuka. Mimba ya kwanza, uchungu wa siku nzima, na kelele zilizofika hadi getini. Alikumbuka alivyompiga makofi mawili mapajani ili atulie. Mwishowe mtoto hakupita, mama akapelekwa kupasuliwa, na alipokuwa anasukumwa kwenye machela yeye akamwambia mbele za watu, "Umeona? Nguvu zote umezimalizia kooni." Mtoto, wa kike, alipona.

"Basi leo tunataka adabu," Sista alisema, nusu utani.

"Ndiyo, Sista," mshonaji akajibu.

Akampa kitanda cha sita, ukutani, ambacho mwenyewe alikuwa ameruhusiwa asubuhi ile. Akafungua faili. Daktari alikuwa ameandika kwa wino mwekundu na kupigia mstari: mama ana kovu la upasuaji, ajaribu njia ya kawaida, mapigo ya mtoto yasikilizwe kila nusu saa, akilalamika maumivu ya kovu aitwe mara moja. Sista akasoma. Akampima, akamkuta amefunguka sentimita nne. Akatega sikio kwenye pembe ya kusikilizia, akasikia moyo wa mtoto unakwenda vizuri, tuku tuku tuku, kama cherehani. Akaandika kwenye chati: mia moja arobaini. Hiyo ilikuwa namba ya kweli. Baada ya hapo hakukuwa na nyingine ya kweli siku hiyo.

Maana saa tatu mama wa kitanda cha pili alianza kusukuma. Alipomaliza huko, aliyelala godoro la mlangoni akaanza kutokwa damu, ikabidi amshughulikie, atafute dripu, apige simu maabara, agombane na maabara. Halafu kitanda cha nane, msichana wa miaka kumi na saba, akawa analia kwa sauti moja isiyokatika, na Sista akamwendea mara nne kumkaripia. Kumkaripia tu kulimlia muda ambao ungetosha kumsikiliza mtoto wa kitanda cha sita mara mbili.

Kitanda cha sita hakikuwa na neno. Kila alipopita alimwona mshonaji amelala ubavu, uso ukutani, ameuma pembe ya shuka.

"Vipi hapo, mama?"

"Salama, Sista."

"Unaumwa sana?"

"Kidogo."

"Safi. Unaona?" Akawageukia wengine, akapaza sauti. "Mwangalieni mwenzenu! Huyu naye ana uchungu, tena ana kovu. Mnamsikia?"

Mshonaji akafumba macho. Pengine ilikuwa sifa ya kwanza aliyowahi kupewa na mtu wa hospitali ile.

Kwenye saa nne na nusu Mama Dekio alimfuata Sista kwenye sinki. "Yule wa sita, Sista. Shuka lote ameshalitoboa kwa meno."

"Anajikaza kisabuni, mwache. Ningepata kumi kama yule ningefanya kazi nikiwa nimekaa."

Alipopata dakika tatu za kukaa, alizitumia kwenye chati. Zilikuwa na nafasi tupu kila mahali, za wanawake kumi na mmoja. Akazijaza moja baada ya nyingine. Ya kitanda cha sita akaandika: saa mbili na nusu, mia moja thelathini na nane, saa tatu, mia moja arobaini na mbili, na kuendelea hivyo hadi saa tano, akibadilisha namba kidogo kidogo zisifanane. Wodini jambo hilo lilikuwa na jina lake, waliliita kuziba mashimo. Kila mmoja aliziba. Usipoziba, Matroni, mkuu wa wauguzi, anakuuliza. Ukiziba, hakuna anayeuliza.

Saa tano na nusu alikuwa ameketi miguuni pa kitanda cha pili, anamshona yule mama, aliyechanika alipojifungua na hadi saa hiyo alikuwa hajashonwa. Akasikia sauti ndogo kutoka ukutani.

"Sista."

"Niko na sindano mkononi. Sema."

"Uchungu umeacha."

"Umeacha?"

"Kuna kitu kimeachia ndani. Halafu ukakatika wote."

Mkunga wa mwaka wa kwanza angeruka pale alipokuwa. Mwanamke mwenye kovu, uchungu unakatika ghafla: hilo ni somo wanalokaririshwa hadi wanaliota. Sista Nyamaza alilijua kuliko wote, alikuwa amelifundisha mwenyewe. Lakini sauti ile ilikuwa ya upole mno. Haikuwa sauti ya mtu anayekufa. Wanaokufa, kwa alivyozoea, wanasumbua.

"Unakupumzisha kidogo, mama," akasema, akavuta uzi. "Wenzako wanautafuta huo mwanya. Lala."

"Asante, Sista."

Akamaliza kushona. Akaosha vyombo. Msichana wa kitanda cha nane akajifungua, mtoto akalia vizuri. Ilikuwa saa saba kasoro Mama Dekio alipoegemeza dekio lake ukutani na kuita, bila hata kumheshimu kwa cheo.

"Wewe! Njoo huku. Midomo yake imekuwa majivu."

Sista akaja kwa haraka ya kawaida. Akamshika mshonaji mkono, akaukuta wa baridi na umelowa. Mapigo ya damu yalikuwa membamba, yanakimbizana. Akafunua shuka. Tumbo halikuwa na umbo la duara tena; lilikuwa limekaa upande, na alipoweka kiganja alishika mguu wa mtoto karibu sana, kana kwamba umefunikwa na ngozi tupu. Akaweka pembe, akatega sikio. Akahamisha, akatega tena. Akahamisha mara ya tatu.

Hakukuwa na tuku tuku.

Kuanzia hapo alifanya kila kitu barabara. Hata daktari alisema hivyo baadaye. Sindano mbili, dripu mbili, damu ya kupima, simu kwa daktari, simu ya pili chumba cha upasuaji. Yeye na Mama Dekio ndio waliosukuma machela, mfagizi mbele, mkunga nyuma. Mama mkwe aliyekuwa amekaa koridoni akasimama na chupa yake ya chai.

"Amejifungua?"

Machela ikampita mbio.

Mfuko wa uzazi ulikuwa umepasuka kwenye kovu la zamani, na mpasuko ulikuwa umeteremka hadi chini. Mtoto alitolewa akiwa tayari amekufa, wa kiume, kilo tatu na robo, nywele nyingi. Ilibidi mfuko wote uondolewe ili mama apone. Akawekewa chupa tatu za damu. Akapona.

Jioni ile daktari alimkuta Sista kwenye meza ya wodi, ana faili mbele yake.

"Pole. Lakini nimeangalia chati yako," daktari alisema, akamgusa bega. "Imenyooka. Mapigo mazuri hadi saa tano, halafu basi. Limetokea ghafla, hakuna mtu angelizuia. Bila chati kama hii tungekuwa matatani sote."

Sista akasema asante. Akaenda kuvaa viatu vya nyumbani, akatoka.

Siku ya pili alipita wodi ya waliopasuliwa. Alijiambia anapita tu. Mshonaji alikuwa macho, mrija puani, matiti yamevimba na kulowesha gauni, kwa kuwa maziwa hayakuwa na habari kwamba mtoto hayupo. Mama mkwe alikuwa amekaa kitini, anazungumza na jirani wa kitanda cha pembeni kwa sauti ya kusikika.

"Mwanangu ni dereva, anashinda barabarani, anajua ana mtoto wa kiume anamsubiri. Nitamwambia nini? Kwamba ameoa mtungi wenye ufa? Mwanamke mzima, mara mbili, hawezi kuzaa kama wenzake." Akanyanyuka kwenda kuchota maji.

Alipotoka, mshonaji akageuza uso polepole.

"Sista."

"Mama."

"Sikupiga kelele, sivyo?"

"Hukupiga."

"Hata nilipolazwa kule ndani, nikiwa na dawa? Sikumbuki. Labda huko nilipiga."

"Hukupiga kabisa."

Mshonaji akafikiri. Alionekana kama mtu anayehesabu mishono na mmoja hauonekani.

"Sasa mbona amekufa?" akauliza.

Sista Nyamaza alikuwa amejibu maswali ya wafiwa kwa miaka kumi na tisa. Alikuwa na majibu yamepangwa kama vitambaa kabatini: ni mipango ya Mungu, utapata mwingine, shukuru wewe mzima. La pili halikuwezekana tena kwa mwanamke huyu, na yale mengine yaligoma kutoka. Akageuka akaondoka, tena kwa mwendo wa kukimbia.

Alikwenda moja kwa moja kwa Matroni, akafunga mlango.

"Ile ripoti ya mtoto aliyekufa. Nataka irekebishwe. Sikumsikiliza mtoto tangu saa mbili. Namba zile nilizitunga."

Matroni hakushtuka. Alivua miwani, akaisugua kwa pindo la sare. "Kaa."

"Sikai."

"Basi sikiliza umesimama. Ulikuwa peke yako na wanawake kumi na mmoja. Hilo nitaliandika, nitakukingia kifua. Lakini hilo la namba, limeze. Ukilisema, wataomba chati za wodi nzima, za miaka. Unafikiri watakuta nini? Unajichimbia kaburi, na sisi wote unatuingiza humo humo."

"Aliniambia uchungu umekatika. Kwa mdomo wake. Nikamwambia alale."

"Amemwambia mtu mwingine?"

"Hapana."

"Basi," Matroni alisema, akarudisha miwani usoni.

Siku ya tatu ilikuwa siku yake ya mapumziko. Akaoga, akavaa nguo za kawaida, akaja hospitali saa tatu asubuhi. Mlinzi wa getini alimtania kwamba ameshindwa kukaa na mumewe. Akapita bila kujibu. Akavuta kiti, akakaa kando ya mshonaji, akamweleza. Alieleza kwa mpangilio kama anayekabidhi zamu: saa mbili nilisikiliza, saa mbili na nusu sikusikiliza, saa tatu sikusikiliza. Saa tano na nusu uliniambia, nikakwambia ulale. Ule usemi wangu wa kliniki, kwamba kelele zinamnyima mtoto hewa, si kweli. Hauko kwenye kitabu chochote. Ungepiga kelele ningekuja.

Mshonaji alimsikiliza akiangalia dari.

"Ungekuja kunipiga," akasema hatimaye.

"Ndiyo. Lakini ningekuja."

Mtu wa kitanda cha jirani alikuwa amejigeuza ukutani, anajifanya amelala.

"Ungesikiliza saa nne, angekuwa hai?"

"Sijui mapigo yalianza kubadilika saa ngapi. Hakuna ajuaye, kwa sababu mimi sikusikiliza. Ila nadhani angekuwa hai. Na kizazi chako pia."

Sista alikuwa amejiandaa kwa matusi. Usiku kucha alijiandaa, hata kwa kofi. Mshonaji hakumpa lolote kati ya hayo. Alisema, "Mwite mama mkwe. Yuko nje kwenye jua. Umwambie hivyo hivyo, usipunguze. Mimi nikiwa nasikia."

Basi ikabidi aseme mara ya pili, na mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Mama mkwe alisimama, furushi la nguo za mtoto bado liko mkononi, kwa kuwa hakujua pa kulipeleka. Mwanzoni uso wake ulijaa ghadhabu, akawa anatafuta pa kuingilia. "Kumbe ninyi ndio mnaoua! Nitakwenda hadi kwa wakubwa, nitawavua nguo, mimi mnanijua..." Kisha ghadhabu ikaanza kumwishia. Sista alikuwa amefika pale pa kueleza jinsi mshonaji alivyokuwa akijibu "salama" na "kidogo".

"Tulimkalisha kitako," mama mkwe alisema, si kwa Sista wala kwa mkwewe. "Mimi na dada zangu. Tukamwambia akitutia aibu tena, asirudi nyumbani kwa mwanangu." Akaketi kwenye ukingo wa kitanda. Baada ya muda akanyoosha mkono ili amshike mshonaji mguu, juu ya blanketi. Mshonaji akauondoa mguu.

Kikao cha kuchunguza kifo kile kilikaa wiki iliyofuata. Walikuwa watano, na daktari akiwa mmoja wao. Sista alikuwa ameandika karatasi mbili kwa mkono wake, akazisoma. Daktari alipofahamu kwamba chati aliyoisifu ilikuwa ya kubuni, alikunja ngumi juu ya meza, na hakumtazama tena hadi mwisho. Matroni aliangalia dirisha. Mwenyekiti, mtu wa ofisini asiyewahi kuingia wodi ya wazazi, ndiye aliyeuliza swali ambalo wengine walilikwepa.

"Katika miaka kumi na tisa, Sista, umejaza hivi mara ngapi?"

"Sijui."

"Kadirio."

"Mheshimiwa, sijui. Na wasumbufu ndio niliokuwa nawaangalia zaidi. Wanyamavu walikufa kimya, na mimi nilisema wamekuwa na bahati mbaya."

Mwenyekiti aliandika kitu, akafunika kalamu.

Walimpa barua ya onyo kali, wakamshusha cheo na kumtoa wodi ya wazazi. Chati nyingine hazikuombwa. Matroni alikuwa amekosea hapo. Hakuna aliyetaka kuziona. Mkunga wa kuziba nafasi yake hakuletwa kwa wiki tano, na wiki hizo mwenzake alifanya zamu zote peke yake, na kila walipokutana koridoni alipita bila salamu. "Wewe umejisafisha roho," alimwambia siku moja, "mimi ndiye ninayelala na damu miguuni."

Mshonaji aliruhusiwa siku ya kumi na moja. Mumewe alikuwa amefika, mwanamume mrefu mwenye macho mekundu ya barabara, akabeba mfuko na beseni. Sista alikuwa kwenye ngazi. Hakuwa na la kusema lakini alishuka nao, ngazi mbili nyuma, mkono umenyooka kidogo endapo mgonjwa atayumba.

Chini kabisa mshonaji akasimama. "Usinisindikize," akasema.

"Sawa, mama."

"Uliposema ukweli, mama mkwe aliacha kunisema. Hilo nimeliona. Lakini usinisindikize."

Akaenda polepole kuelekea getini, mkono mmoja umeshikilia mshono, mumewe akipunguza hatua ili walingane. Mama mkwe alitangulia mbele peke yake.

Jumatatu Sista aliripoti chumba cha kufunga vidonda, nyuma ya jiko la hospitali. Kilikuwa na meza moja, taa moja na foleni ya watu waliokaa kimya kwenye benchi. Wa kwanza alikuwa mzee mwenye kidonda cha mguu kilichooza. Akanawa mikono, akavuta stuli, akaanza kulowesha bandeji ya zamani ili ibanduke. "Ikiuma, mzee, piga kelele," akamwambia.